Gari la binamu: lilichezewa kwa kompyuta?

Kutoka Leeds
Wanakwetu, hamjambo. Mnajua tulimzika binamu yangu huko Njoro, baada ya ajali ya gari. Sasa wazee wameshikilia kwamba gari lake, Toyota Probox, liliendeshwa na mtu aliyekaa mbali na kompyuta. Nilikuwa nimtumie mama gari mwezi wa kumi na mbili, nimeanza kusita. Jambo kama hilo lawezekana?

Jibu, Minneapolis
Pole sana, ndugu yangu. Lawezekana, ila si kwa Probox. Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek waliingia ndani ya Jeep Cherokee kupitia intaneti wakalikata nguvu likiwa barabara kuu, na magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa. Mlango wao ulikuwa redio iliyounganishwa na mtandao wa simu. Redio ya Probox imetengenezwa kwa masafa ya Japani, inaishia 90 FM. Stesheni za Nakuru zenyewe inazikosa, sembuse mdukuzi!

Kushuku siwakatazi wazee. Askofu Alexander Muge alitishwa na waziri Peter Okondo asikanyage Busia. Akaenda. Tarehe 14 Agosti 1990, akirudi Eldoret, gari lake likagongana na lori, akafa; Okondo akajiuzulu. Hapo kulikuwa na tisho la hadharani, na kompyuta haikuhitajika. Binamu alitishwa na nani?

Ninachokiogopa mimi ni treka, kile kifaa cha kufuatilia gari kwa laini ya simu. Gari la mkopo hufungwa treka yenye rilei, yaani swichi ya umeme, ya kukata mafuta. Ukichelewesha malipo, linagoma kuwaka. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilitoa onyo kuhusu treka ya MiCODUS MV720: nywila yake ya kiwandani ni 123456, na wengi hawaibadilishi. Muulize fundi kama gari lilikuwa na treka, na laini yake ya simu ni ya nani. La mama likifungwa treka, badilisheni nywila siku hiyo hiyo.

Jibu, Doha
Nimeendesha trela Mombasa hadi Malaba kabla ya kuja huku, kwa hiyo nisikilizeni. Ule mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru–Eldoret, dereva anatoa gia ili abakishe dizeli ya kuuza. Breki zinapata moto, zinanuka, halafu unakanyaga na hakuna kitu. Akitoka hai ataapa kwamba zilikatwa na adui. Amwambie nini tajiri wake?

Kabla ya yote, zuieni gari lisiuzwe chuma chakavu. Chukueni abstrakti ya polisi, ile hati ya kuthibitisha kwamba ajali iliripotiwa, muombe na ripoti ya mkaguzi wa magari. Bima nayo itawadai hiyo abstrakti.

Kutoka Leeds
Asanteni. Treka ilikuwepo, ya mkopo. Gari bado liko kituoni; mjomba anakwenda kesho na fundi wetu, si wa yule aliyeuza. Nimemwambia apige picha paipu za breki na matairi kabla mtu hajagusa kitu.