Naomba ushauri: hema la turubai kwa kambi ya kihistoria, Tabora

Ndugu wanachama, kikundi chetu kinaandaa kambi ya kuigiza maisha ya misafara karibu na Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, nasi tunatafuta hema la turubai la pamba lenye nguzo za mti. Kamba za katani tumezikataa, kwa kuwa zao hilo lililetwa nchini mwaka 1893. Tutatumia za usumba.

Kinachotutatiza ni uzito wa kitambaa: turubai la gramu 500 kwa mita ya mraba litahimili mvua za Novemba, lakini likilowa halibebeki. Je, la gramu 350, likiloweshwa na kukaushwa kabla ili nyuzi zivimbe na kuziba matundu ya mishono, litatosha?