Zaburi ya 89: sifa za fadhili na malalamiko juu ya agano

Swali
Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Katika jumuiya yetu tunasoma Zaburi kwa mfululizo, nasi tumekwama kwenye ile ya 89, ambayo kichwa chake kinamtaja Ethani Mwezrahi. Mwimbaji anaanza kwa kuahidi kuziimba fadhili za Bwana milele, anakumbusha kiapo alichoapiwa Daudi kwamba uzao wake utadumu, lakini kuanzia mstari wa 38 anamwambia Mungu waziwazi kwamba amemtupa masihi wake, yaani mfalme aliyemtia mafuta, na kulichukia agano la mtumishi wake. Baadhi yetu wanasema hayo ni maneno ya mtu aliyepoteza imani, na wanashauri tuishie mstari wa 37 tunapoisoma ibadani. Je, inafaa?

Jibu la kwanza
Ndugu, nawasihi msiikate. Fadhili na uaminifu vinatajwa pamoja katika mistari miwili ya mwanzo; vinarudi katika mstari wa 24 na wa 33, safari hii Mungu mwenyewe akisema; kisha vinatokea tena katika mstari wa 49, pale mwimbaji anapouliza viko wapi. Kwa hiyo hajaiacha hoja yake ya kwanza, bali anamdai Mungu kwa neno alilolitoa Mungu mwenyewe, na asiyeamini kwamba ahadi ipo hana la kudai. Angalieni pia mistari ya 30 hadi 33: wana wa Daudi wakiiacha sheria wataadhibiwa kwa fimbo, ila fadhili hazitaondolewa. Adhabu, basi, mwimbaji angeweza kuipokea. Kinachomtesa ni kwamba anaona kiti cha enzi kimeangushwa chini, na kwake hilo limepita kiasi cha fimbo. Wafafanuzi wengi wanaihusisha zaburi hii na kuanguka kwa Yerusalemu mwaka 586 KK, ingawa yenyewe haimtaji mfalme yeyote wa wakati huo.

Jibu la pili
Naunga mkono, na ningependa kuongeza habari ya Zaburi ya 136, ambayo katika kila mmoja wa mistari yake 26 inarudia kwamba fadhili zake ni za milele. Ni rahisi kuidhani wimbo wa watu walioshiba na kustarehe. Lakini tukisoma Ezra 3 tunakuta maneno hayo yakiimbwa na watu waliotoka uhamishoni, msingi wa hekalu ulipowekwa, huku wazee walioiona nyumba ya kwanza wakilia kwa sauti kuu, hata watu wasiweze kutofautisha kelele za furaha na za kilio. Kabla ya hapo, Yeremia 33 ilikuwa imeahidi kwamba wimbo huo utasikika tena katika mji ulioachwa ukiwa. Waliouimba walijua vizuri kabisa walichopoteza.

Jibu la tatu
Tahadhari moja tu, watumishi. Mtu asikimbilie mstari wa 52 na kusema kwamba mwimbaji amemaliza kwa sifa, kwa kuwa mstari huo ndio unaofunga kitabu cha tatu kati ya vitano ambavyo Zaburi imegawanywa, kama Zaburi 41:13 inavyofunga cha kwanza. Malalamiko yenyewe yanaishia mstari wa 51, maadui wakiwa bado wanatukana na swali likiwa halijajibiwa. Sisi Wakristo tunaliona jibu katika Luka 1, ambapo Mariamu anaahidiwa kwamba mwanawe atapewa kiti cha enzi cha Daudi, nami naliamini kwa moyo wote; hata hivyo nadhani hatulipimi uzito wake tusipokubali kwanza kusimama na Ethani pale alipoishia.

Aliyeuliza
Nawashukuru sana. Zamu ijayo ya kuongoza ibadani ni yangu, nami nitaomba zaburi isomwe yote, kisha baada ya kimya kifupi tuisome ile ya 136 kwa kupokezana, jumuiya nzima ikiitikia.