Tikiti moja kwa mche mmoja

Mama Mdogo: jamani mnaojua kilimo, matikiti yangu yametambaa bustani nzima majani mazuri kabisa ila maua yanadondoka tu, hamna tunda hata moja. shida nini?

Binamu: yameanza kutoa maua lini

Mama Mdogo: kama wiki hivi

Shangazi: Hapo hamna tatizo, usije ukaanza kumwaga mbolea. Tikiti linatanguliza maua dume, hayo hayazai, yanachanua siku moja yanadondoka. Majike yanafuata baadae. Nenda kainue ua moja moja uangalie chini yake, ukikuta katunda kadogo ka kijani kana vinyweleo basi hilo ni jike, kama ni kijiti kitupu ni dume

Mama Mdogo: ngoja nikaangalie

Mama Mdogo: yapo mawili yana vitunda!! hayajafunguka lakini. mengine yote madume

Shangazi: Sawa sawa. Ua jike linafunguka asubuhi likifika mchana limeshajifunga, nafasi yake ni hiyo siku tu, kwahiyo kama huoni nyuki wengi hapo kazi ifanye mwenyewe. Chuma dume lililofunguka asubuhi hiyo hiyo, ng'oa yale majani yake ya njano ubakie na kale kakichwa ka katikati kenye unga, halafu kapake taratibu katikati ya ua jike. Angalia vizuri pale kati utaona pamegawanyika sehemu tatu, zote zipate unga, maana ukipaka upande mmoja tikiti linatoka limepinda

Kaka: ndo maana dawa ya wadudu haipulizwi asubuhi maua yakiwa wazi, unaua nyuki wote. kama ni lazima piga jioni

Mjomba: mimi nataka lile kubwa kabisa mwaka huu. nasikia kuna watu wanafikisha kilo 100

Binamu: zaidi mjomba. rekodi ya dunia ya Guinness ni kilo 159, la Chris Kent wa Tennessee kule Marekani, 2013

Mjomba: weee kilo 159!! mbegu gani

Shangazi: Carolina Cross ndo inajulikana kwa makubwa. Mbegu ni nusu ya kazi, Sugar Baby ulilee utakavyo litaishia kilo 3 mpaka 5 ndo asili yake, Crimson Sweet likitunzwa linapita kilo 10. Ila mbegu yoyote ile ukitaka tunda kubwa acha MOJA kwa mche

Mama Mdogo: moja?? mengine niyatupe? roho inauma jamani

Shangazi: Najua inauma lakini nisikilize, chakula cha tunda kinatengenezwa na majani, majani yakilisha matunda sita kila moja linapata kidogo, yakilisha moja linapata chote. Usikate mapema, acha yashike matatu hivi yafikie saizi ya ngumi, hapo ndo unachagua lenye umbo zuri lisilo na kovu na kikonyo chake kinene, mengine ondoa. Lile la kwanza kabisa karibu na shina mi huwa siliachi maana linatokea mche bado mdogo majani hayajatosha. Na MAJANI MSIKATE watu wanapogolea wanaona bustani imekuwa nadhifu kumbe wanalinyima tikiti sukari

Kaka: ila shangazi kama ni ya kula tu nyumbani mawili matatu kwa mche si yanatosha

Shangazi: Yanatosha kabisa na utamu ni ule ule. Mjomba wako ndo anataka kubwa

Mjomba: nataka kubwa 😄 na nafasi?

Shangazi: Usiibananishe, mita 2 mpaka 3 toka mche hadi mche, jua kutwa, samadi iliyooza vizuri chini. Mbolea yenye naitrojeni ikizidi unapata majani tu, tunda likishashika mbolea ya potasiamu ndo ya muhimu. Maji mengi yapige chini kwenye shina sio juu ya majani, na yawe kwa mpangilio, maana ukiliacha likauke siku kadhaa halafu ulimwagie kwa pupa ganda linapasuka

Mama Mdogo: na hawa inzi wanaotoboa vitunda vichanga?

Kaka: vifunike mapema na mfuko wa karatasi au kitambaa chepesi, vilivyooza viokote uvitoe shambani maana ndani mna mabuu. na chini ya tunda weka ubao au majani makavu lisilalie tope

Binamu: kuvuna je, kupiga piga linalia vipi

Shangazi: Kupiga peke yake mi siamini. Angalia kile kiuzi kilichojikunja kama springi pale tunda liliposhikia, kikikauka chote na lile doa la chini lililolalia udongo likatoka weupe likawa njano, vuna. Kikiwa bado kibichi subiri, tikiti likishakatwa haliivi tena

Mama Mdogo: basi kesho saa 1 asubuhi niko bustanini, nitatuma picha kabla sijapaka. na mbegu naweza kutunza?

Shangazi: Kama pakiti imeandikwa F1, yaani mbegu chotara, usitunze, hazizai kama mama yake. Kama sio F1 tunza, ila ukiwa na aina mbili jirani nyuki watazichanganya, kwahiyo hilo ua la mbegu lifunge na kitambaa jioni kabla halijafunguka, upake mwenyewe asubuhi ulifunge tena