Mpiga mishale akisema "nalenga jicho", tumkubalie?

MSIMULIZI WA MKOMANI: Assalaam aleikum jamani. Kila Alhamisi baada ya isha tunacheza Dungeons & Dragons darini kwetu, mchezo wa kusimulia hadithi kwa dadu, sheria za 2014; msimulizi ni mimi, nawaongoza maadui, na kila mwenzangu ana mhusika wake. Mwenzetu mmoja, mhusika wake ni mpiga mishale, kila zamu husema "nalenga jicho". Wiki jana niliwatolea nyoka wa baharini niliyemwandaa wiki tatu. Mshale wa kwanza dadu ya pande 20 ikaangukia 20, namba ya juu kabisa, naye akashikilia kuwa nyoka kapofuka, kwisha habari yake. Sheria hazina kifungu cha kulenga kiungo. Nikamkubalia, na pambano likaisha chai haijapoa. Nyinyi mnafanyaje?

MPIGA MISHALE: Mwenzenu ndiye mimi. Sema pia kwamba ulikubali kisha ukanuna. Nimempigania mhusika huyu mpaka akawa fundi wa upinde. Nikiambiwa tu "umempiga, mtoe alama 9 za uhai" bila kujua nimempiga wapi, ufundi wangu uko wapi?

HESABU TU: Kulenga si kosa, kosa ni kulenga bure. Alama za uhai katika mchezo huo si nyama na damu tu, na bahati na moyo wa kuvumilia vimo. Adui mwenye alama 120 akitolewa 9 amekwaruzwa, jicho bado analo. Tazama GURPS, mchezo mwingine wa namna hii: jumla ya dadu tatu isizidi ustadi wako, na kulenga jicho kunakupunguzia ustadi 9. Mwenye ustadi wa 14 akirusha dadu zake tatu hufaulu mara 196 katika 216. Akilenga jicho anabaki na 5, yaani mara 10 tu katika 216. Hapo mtu atafikiri kabla ya kufungua kinywa.

WA KIZINGITINI: Hesabu nzuri, lakini hamjachoma kitu. Mimi navua pweza. Mchome miguu, utashinda naye mpaka maji yajae. Mdunge baina ya macho, analegea papo hapo, unaiona rangi ikimtoka anakuwa mweupe. Anayesema nyoka aliyetobolewa jicho atapigana vilevile hajaona kiumbe akifa.

MSIMULIZI WA MKOMANI: Mimi sijaona kiumbe akifa? Nimekulia mashuani! Pweza wako yumo shimoni, umemsimamia juu na kijiti. Nyoka wangu alikuwa anaogelea usiku, hatua 40, na huyu kasimama kwenye dau linaloyumba.

BI. LANGONI: Na pweza hadungwi, hupinduliwa kichwa ndani nje. Bibi yangu akifanya kwa mkono mmoja.

WA KIZINGITINI: Bibi yako alipindua aliyekwisha kulegea. Mzima atakuganda mpaka kiwiko.

BI. LANGONI: Bibi yangu muache. Kapindua pweza kabla babako hajazaliwa.

KIJANA WA SHELA: Turudini kwenye mada. Kulenga viungo kumeanza na GURPS, 1986.

HESABU TU: Siyo. Kitabu cha Blackmoor cha Dave Arneson, mmoja wa waasisi wa mchezo wetu, 1975, kilikuwa na majedwali ya viungo. Katika RuneQuest, mchezo mwingine wa 1978, dadu ndiyo huamua umepiga wapi, na kila kiungo kina alama zake.

BI. LANGONI: Msimulizi hajawaambia alichonitenda mimi. Jambazi wake alilenga mkono wangu wa upanga. Mhusika niliyemlea miezi minane hana mkono hadi leo. Hakuitisha mjadala siku ile. Nyoka wake kapoteza jicho, Lamu nzima tujue.

MSIMULIZI WA MKOMANI: Jambazi alipata 20. Sheria ni moja kwa wote.

BI. LANGONI: Moja vipi? Wewe kila Alhamisi una majambazi sita wapya, wazima. Mimi ninaye mmoja.

MPIGA MISHALE: Hapo yuko sawa. Kama ni hivyo, mimi jicho naliacha.

HESABU TU: Usiache. Anayelenga arushe dadu mbili za pande 20, ihesabiwe ndogo. Kupata 20 kunatoka 1 katika 20 kunakuwa 1 katika 400. Akifaulu, adui asione raundi moja, basi. Viungo visikatwe upande wowote.

MSIMULIZI WA MKOMANI: Hiyo naichukua. Bi. Langoni, mkono nitakurudishia, tutafute tabibu katika hadithi.

BI. LANGONI: Ungeniuliza kabla ya kuukata.

WA KIZINGITINI: Jumamosi ni bamvua. Maji yakishakupwa, saa nne, nipo mwambani. Anayesema pweza mzima hupinduliwa aje.

BI. LANGONI: Nakuja.