Harusi ya Lagos kuipeleka Dubai ni kutuharibia filamu, nimekasirika

Wakuu, sitaficha, nina hasira. Jana usiku nimemaliza The Wedding Party 2, ile filamu ya Nigeria ya 2017 iliyoongezewa jina la Destination Dubai, na mpaka asubuhi hii roho inaniuma.

Walioiona ya kwanza ya 2016, aliyoiongoza Kemi Adetiba, wanajua ninacholilia. Ile ilikuwa harusi ya siku moja, Lagos, basi. Dunni, Myoruba, anaolewa na Dozie, Muigbo, makabila mawili tofauti. Mama wa bwana harusi, Lady Obianuju, kanuna kama yuko msibani, maana anaona mkwe hana hadhi yao. Upande wa pili mwigizaji Sola Sobowale, kama mama wa bibi harusi, furaha imempanda, sauti juu, hashikiki. Mpenzi wa zamani wa bwana harusi naye yumo humo humo. Msimamizi wa sherehe anahaha, hajui azime moto upi kwanza.

Sisi tuliokaa kwenye kamati za harusi tunayajua hayo. Umefukuzana na watu wa ahadi miezi mitatu, kadi zimegawiwa, MC kashapewa chake, halafu mashangazi wawili wanagombea meza ya mbele na shughuli nzima inataka kuvunjika. Ndiyo maana tulicheka mpaka machozi na hatujui Kiyoruba hata neno moja. Kila kichekesho kilitoka kwa mtu, kwenye kiburi chake au hofu yake ya kusemwa. Haikuwa bahati ilipovunja rekodi ya mapato ya filamu za Nigeria. (Adesua Etomi na Banky W, walioigiza Dunni na Dozie, wenyewe wakaja kuoana kweli mwaka uliofuata!)

Sasa hii ya pili, mwongozaji mwingine. Nonso, ndugu yake Dozie, anajikuta amemchumbia Deirdre wakiwa Dubai bila kukusudia. Hapo nilikaa sawasawa, kwa sababu binti ni Mwingereza. Wazee wa Kiigbo na wazazi wa Kizungu wakae sebule moja wazungumze mahari! Hapo tu pana filamu nzima. Wameipitia juu juu, wakatupandisha ndege. Majengo marefu, nguo, majengo tena. Dunni na Dozie wamewekwa pembeni. Nani kawaambia tunataka kutembezwa Dubai? Harusi inanoga watu wakibanana ukumbi mmoja na hakuna pa kukimbilia. Ukiwatawanya mji wa kigeni, kila mtu na hoteli yake, nani atamkanyaga nani?

Niliwaita watu nyumbani, nikanunua bando kubwa makusudi. Mama mkwe wangu, ambaye ya kwanza kairudia mara tatu, alisinzia kabla haijafika nusu. Nilitamani kuzima.

Na msiniambie "ni burudani tu mkuu". Ya kwanza nayo ilikuwa burudani, na waliitendea haki. Aliyeicheka hii ya pili aje hapa aniambie alicheka sehemu gani.