Kuendesha kitufe cha Morse kwa kompyuta: njia ipi haiharibu alama?

Mwanaredio wa Jinja:
Ndugu wanaredio, nawasalimu. Nina mtambo wa redio wa HF (masafa ya juu, kwa mawasiliano ya mbali) wenye tundu la kitufe cha Morse, na kompyuta yangu haina tundu la siriali, kwa hiyo natumia kibao cha kugeuza USB kuwa siriali, ambacho mstari wake wa DTR (waya wa ishara unaowashwa na kuzimwa na programu) huwasha transista inayounganisha nyaya za tundu hilo, kama kitufe kilichobonyezwa. Kwa mwendo wa maneno 12 kwa dakika alama husikika safi, lakini nikifika 25 huku kompyuta ina kazi nyingine, vistari (alama ndefu za Morse) hurefuka ovyo na nafasi za herufi humezwa. Zaidi ya hapo, kila ninapochomeka kibao, mtambo huanza kurusha wimbi kabla sijafungua programu. Je, nirekebishe sakiti hii au niiache?

Fundi wa Gulu:
Ndugu, hayo ni matatizo mawili. Nianze na la wimbi, maana ndilo la hatari. Katika RS-232 halisi (kiwango cha zamani cha tundu la siriali), DTR ikipumzika huwa na volti hasi. Lakini vibao vingi vya volti 5 hufanya kinyume, yaani mstari ukipumzika huwa juu, na transista yako huhesabu kwamba kitufe kimebonyezwa. Pima kwa mita uhakikishe. Ikiwa ndivyo, tumia optokapla (kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga badala ya waya) kama PC817: taa yake ya ndani iunganishe kati ya volti 5 na DTR, kupitia rezista ya ohmu 1,000, ili iwake pale tu DTR inaposhuka. Utakuwa pia umetenganisha ardhi ya umeme ya kompyuta na ya mtambo, jambo lenye faida kubwa kwa anayetumia chaja yenye kelele. Jaribu kwanza kwa mzigo bandia wa ohmu 50 (rezista inayomeza nguvu badala ya antena), antena ikiwa imechomolewa.

Mzee wa Mbarara:
Fundi amesema kweli, ila optokapla haitaponya vistari. Urefu wa nukta kwa milisekunde ni 1,200 ukigawanya kwa mwendo: kwa maneno 12 ni 100, kwa 25 ni 48 tu. Programu ikicheleweshwa milisekunde 20 kwa sababu kompyuta inashughulikia jambo jingine, kwa mwendo wa kwanza sikio husamehe, lakini kwa wa pili karibu nusu ya nukta imeharibika. Radi za ziwani zinapojaza masafa ya 7 MHz kwa mingurumo, anayekusikiliza hana kingine cha kushika isipokuwa mdundo wenyewe. Kwa hiyo iondolee kompyuta kazi ya kupima muda. Chipu ya Winkeyer, iliyoundwa kupiga Morse, au Arduino (kibao kidogo cha kuprogramu) yenye programu huria ya K3NG inayoiga lugha yake, hupokea herufi tu na kuzipiga yenyewe kwa muda sahihi. Tena ukigusa padeli (kitufe cha mkono cha kupigia Morse), herufi zilizosubiri hukatizwa na wewe unashika usukani.

Mwanaredio wa Jinja:
Nashukuru sana, mzee wangu. Je, siwezi kutuma herufi moja kwa moja kwa waya wa CAT (unaoiwezesha kompyuta kuutawala mtambo kwa amri), au milio ya Morse kupitia kadi ya sauti ya kompyuta?

Mzee wa Mbarara:
CAT inafaa ikiwa mtambo wako una amri hiyo. Mitambo ya Kenwood hupokea hadi herufi 24 kwa amri ya KY, na mtambo wenyewe ndio hupima muda. Sauti sikushauri: ikizidi kiwango, utarusha milio ya pembeni, na hata kengele za kompyuta zitakwenda hewani.

Fundi wa Gulu:
Njia yoyote utakayochagua, funga pete ya feraiti (kitu cha sumaku kinachozuia mawimbi ya redio) kwenye waya wa USB, kwa sababu mawimbi yakiingia humo kompyuta inaweza kupoteza mawasiliano na kibao huku kitufe kikibaki kama kimebonyezwa.