Bodi ni huria, lakini faili haifunguki bila leseni: hapo kuna uhuria gani?

Assalaam aleikum na hamjambo nyote. Naleta hii hapa manake juzi tumebishana nayo hapa Tudor, Mombasa, mpaka chai ikapoa. Kuna vijana wanatengeneza bodi ndogo ya saketi ya kupima chumvi kwenye maji ya visima (na visima vya hapa kisiwani twavijua wenyewe), tumewachangia pesa kidogo kidogo, nao wameahidi bodi itakuwa huria, yeyote achukue, atengeneze, auze. Poa sana. Shida ni kwamba mchoro wameufanya kwa programu ya kulipia wakitumia ile leseni ya bure ya wanafunzi, sasa watu wamegawanyika, wengine wasema chombo ni chombo bora bodi ifanye kazi, na wengine, mimi nikiwemo, twasema pesa za mchango zisitoke mpaka faili ifunguke bila kuomba ruhusa ya kampuni.

Hebu someni yale masharti ambayo sote hubonyeza "nakubali" bila kuyatazama. Leseni za wanafunzi kwa kawaida zakataza kazi ya biashara. Leseni ya bodi nayo yaruhusu kuuza. Sasa fundi wa Mwembe Tayari akitaka kuhamisha konekta moja tu kisha auze bodi kumi, mradi wamwambia ruksa, programu yamwambia lipa kwanza. Ni kama kumwalika mtu biriani halafu umwambie sahani akakodi kwa jirani. Atafanyaje? Atatafuta kreki, yaani programu iliyovunjwa leseni, tusidanganyane.

Kuna aliyesema tutoe faili za Gerber yaishe. Gerber ni za kiwandani bwana, zaonyesha shaba ipite wapi na mashimo yakae wapi, lakini mantiki ya saketi haimo, ukitaka kubadilisha kitu warudi kuchora upya. Na hata CERN, ile maabara ya fizikia ya Ulaya, ambao leseni yao huria ya hadwea toleo la 2 ilitoka 2020, wameliona hili: ile ya aina S inataka chanzo kitolewe katika umbo linalofaa kurekebishwa, na kama faili ni ya programu ya kulipia basi, ikiwa programu yenyewe yaweza, utoe pia nakala inayotazamika kwa programu huria. Inayotazamika tu lakini! Hapo ndipo naona wamelegeza kamba mno.

Halafu hizi kampuni hubadilika. EAGLE, programu ya kuchora bodi ya CadSoft, Mjerumani, ndiyo watu kibao walianzia, ile ya bure ikikupa leya (tabaka za shaba) mbili na bodi ya sentimita mraba 80. Autodesk wakainunua 2016, mwaka uliofuata ikawa ya kulipia kila mwezi au mwaka, na 2023 wakatangaza kwamba Juni 2026 ndio mwisho wake. Watengenezaji wa Linux nao yaliwakuta, walikuwa wakitumia BitKeeper, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, tangu 2002 kwa leseni ya bure, 2005 mwenye BitKeeper akaiondoa leseni hiyo baada ya kugombana na mtu aliyekuwa akichunguza inavyowasiliana, ndio Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akaketi akaandika Git, yao wenyewe ya kazi hiyo hiyo. Sisi hatuna Torvalds hapa Tudor.

Jibu la kwanza:
Kaka, wawaonea hao watoto. Arduino yenyewe, zile bodi huria za kujifunzia, michoro yake ilitoka kwa EAGLE na hakuna aliyeinyima jina la huria, dunia nzima imeinakili. Na KiCad, programu huria ya kuchora bodi, tangu toleo la 5 la 2018 yafungua faili za EAGLE, kwa hivyo kelele ya nini? Tena mtoto akienda kutafuta kazi ataulizwa Altium, ile ya kulipia, hataulizwa KiCad. Waacheni wajifunze kinacholipa.

Mwenye mada:
Kuhusu kazi nakubali, wajifunze Altium na chochote kile, ila kwa wakati wao na si kwa mradi wa mchango. Lakini hilo la EAGLE wanisaidia mimi ndugu yangu! Yafunguka kwa sababu tangu toleo la 6 faili zake ni XML, maandishi mtu aweza kuyasoma, sio kwamba kila kampuni ni karimu hivo. Hii ya vijana wetu nimejaribu kuifungua kwa KiCad, muhtasari wa bodi ukaja, vipande vikaja vimepinda, na nyaya zote za upande wa chini hazikuja kabisa. Bodi yenyewe ni ya leya mbili, kidhibiti kimoja, vipande vichache, KiCad ni ya GPL, leseni ya programu huria, na maktaba zake hazikufungi kuuza ulichochora. Kuichora upya si kazi ya mwaka. Mimi Jumamosi baada ya dhuhuri niko huru, laptopu ninayo, nani mwingine anakuja?